Karatasi Yenye Mtu: Risala ya Wanafunzi Siku ya Kufunguliwa kwa Dawati la Taarifa na Faragha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mama Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wafanyakazi wa masjala, wanafunzi wenzetu:

KARIBU

Mheshimiwa, kutoka mlango wa jengo hili la utawala hadi masjala kuna ngazi arobaini na moja. Sisi tunazijua kwa hesabu, kwa sababu tumezipanda na barua mkononi tukazishuka na barua ileile mkononi, mara nyingi kuliko tulivyoingia maktaba. Leo umezipanda wewe, na umezipanda kwa ajili yetu. Karibu sana, mama yetu.

Unachokuja kukifungua ni meza moja ya mbao, kabati moja la chuma, daftari la kupokelea maombi na muhuri wa tarehe. Asiyetujua atauliza, shangwe yote hii ni ya meza? Ndiyo, ni ya meza. Tumeipigania muhula mzima na tumeshinda, na aliyeshinda haoni haya kushangilia.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Kila mtu anayetajwa humu alisomewa risala hii kwanza. Yupo mmoja ambaye kisa chake ndicho kilichozaa siku ya leo. Tutamwita Mwenzetu, basi. Yumo humu ukumbini, na tunawaomba msimtafute kwa macho. Aliipitia rasimu yetu na kalamu nyekundu, akakata mistari sita. Mwandishi wetu alilalamika, maana aliipenda mistari ile. Mwenzetu akamjibu, "Ni mizuri kweli, mdogo wangu, lakini ni yangu." Basi imekatwa.

TULIKOTOKA

Mwaka jana Mwenzetu alipokea barua ya kukatishwa masomo. Sababu iliyoandikwa: hakufanya mtihani. Yeye alijua amefanya. Alikaa karibu na dirisha, jua likampiga shavu moja kwa saa tatu. Lakini karatasi ya mahudhurio iliyokuwa ofisini ilikuwa ukurasa wa kwanza tu, na jina lake lilikuwa ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili haukuwapo, kwa hiyo naye, kwa hesabu za ofisi, hakuwapo.

Akapanda ngazi arobaini na moja kuomba kuona faili lake. Mtunza masjala wetu, ambaye miaka hiyo tulimwita Bwana Kesho, na hamna haja ya kuuliza kwa nini, alimpokea vizuri tu. Yeye naye ametupa ruhusa tuyaseme haya, kwa sharti kwamba tukisema ya jana yake tuseme na ya leo yake. Tutasema yote, baba.

"Dada, faili ni mali ya chuo," alimwambia.

"Baba yangu, lakini aliyemo ndani ni mimi."

"Ndiyo maana huruhusiwi. Utajisoma, halafu utakasirika."

Alirudi mara tisa. Mara ya nne aliambiwa faili ni siri. Mara ya saba aliuliza siri ya nani, akaambiwa swali hilo nalo liandikwe.

Mheshimiwa, sasa sikiliza jinsi siri ilivyokuwa ikitunzwa hapa. Chuo chetu kina desturi ya kubana matumizi. Karatasi iliyochapwa upande mmoja haitupwi. Inakatwa, inatiwa kwenye maboksi na kupelekwa stoo ya mitihani, na siku ya mtihani inagawiwa kama karatasi ya rafu, ile ya kufanyia hesabu za haraka kabla ya kuandika jibu safi. Wazo si baya. Ubaya ni kwamba hakuna aliyewahi kuzigeuza aone upande wa pili kuna nini. Upande wa pili tulikuwapo sisi: barua zetu kwa mshauri wa wanafunzi, vyeti vyetu vya hospitali, maelezo ya nani kafiwa, nani anaumwa nini, nani anaishi na nani. Mlango wa mbele mwenye nyumba anazuiwa kuingia kwake, dirisha la nyuma kila mpita njia anachungulia.

Na ukurasa wa pili wa mahudhurio? Hatuna ushahidi, Mheshimiwa. Tunachojua ni kwamba nyuma ulikuwa mweupe.

SIKU TULIYOAMKA

Katika mtihani wa takwimu, kijana mmoja wa mwaka wa pili, tunayemwita Jicho kwa sababu ya miwani yake minene, aligawiwa karatasi tatu za rafu. Akaigeuza moja. Akasoma mstari wa kwanza, akaona jina, akaifunika kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono.

Msimamizi akamfuata. "Umemaliza karatasi?"

"Hapana, mwalimu. Naomba nyingine. Hii ina mtu."

"Ina nini?"

"Ina mtu, mwalimu. Siwezi kumfanyia hesabu mgongoni."

Darasa likacheka. Msimamizi akamwambia aache vituko, muda unakwenda. Jicho akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kiatu, akafanya mtihani wake bila rafu. Mlangoni akakaguliwa, ikaonekana, akagoma kuiachia. Na nyote mnajua kanuni: kutoka na karatasi kwenye chumba cha mtihani ni kosa la kufukuzwa chuo.

Kamati ya nidhamu ikamwita. Walimu watano nyuma ya meza ndefu, yeye mbele yao na miwani yake.

"Toa hiyo karatasi tuisome."

"Siitoi, mwalimu."

"Unajua unaweza kurudi nyumbani leo?"

"Najua. Lakini si barua yangu. Muiteni mwenyewe, akisema msome, mtasoma."

Akawatajia jina tu, wakamwita. Mwenzetu akaingia, akapewa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akaiangalia. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa barua aliyomwandikia mshauri wa wanafunzi, akimweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza hata mama yake mzazi. Ni jambo gani? Hapo ndipo mistari yetu sita ilipokuwa.

Mwenyekiti wa kamati akamuuliza, kwa sauti iliyokwisha kupoa, "Binti, unataka tukufanyie nini?"

Angeweza kuomba lolote saa ile. Alisema, "Naomba kuona faili langu. Wenzangu wote mmewaonyesha. Nimebaki mimi."



MAFANIKIO

Mafanikio yetu hatutayasema kwa unyenyekevu.

La kwanza, tulikitafuta kitabu cha kanuni za chuo. Nakala pekee tuliyoiona ilikuwa masjala, imewekwa kuzuia dirisha lisigonge. Kifungu cha kumi na tisa kinasema mwanafunzi ataonyeshwa kumbukumbu zake ndani ya siku kumi na nne akiomba kwa maandishi, na hakuna mwingine atakayeonyeshwa bila ridhaa yake. Haki yetu ilikuwepo miaka yote, imeshika dirisha.

La pili, Mwenzetu aliandika ombi kwa kifungu hicho, nasi wanafunzi mia mbili na kumi na mbili tukaandika ya kwetu siku hiyohiyo, kila mtu lake, ili lake lisipotee peke yake. Foleni ilishuka ngazi zote arobaini na moja ikatokea nje. Siku ya kumi na mbili, mtunza masjala alikuja mwenyewe hadi bwenini, kwa rafiki aliyemhifadhi Mwenzetu, akihema, na bahasha mkononi. Kijitabu cha majibu ya Mwenzetu kilikuwa kimefungwa pamoja na vya kozi nyingine. Kilikuwa kimesahihishwa. Alama sitini na nane!

"Dada," alimwambia, "ulikuwepo."

Amerudishwa masomoni. Jumamosi hii anavaa joho. Makofi, wenzetu, lakini macho mbele!

La tatu, Jicho hakufukuzwa. Alipewa onyo kwa kutoka na karatasi, na kamati hiyohiyo ikamwandikia barua ya pongezi kwa kutoisoma. Zote mbili zimo kwenye faili lake. Ameomba kuziona, ameziona, na sasa anatamba nazo.

La nne ni mtu mwenyewe wa meza hii. Bwana Kesho ndiye ofisa wa kwanza wa dawati, na jina limebadilika: ni Bwana Leo. Ukileta ombi anagonga muhuri mbele yako. Na kama anavyojua kufungua, amejua kufunga. Mwezi uliopita, dawati likiwa bado kwenye majaribio, mzee mmoja alikuja kwa ukali kutaka matokeo ya binti yake.

"Mimi ni baba yake mzazi!"

"Hongera sana, mzee. Na yeye yuko wapi?"

"Yuko bwenini."

"Basi si mbali. Mlete, au lete maandishi yake. Nitakupa na kiti umsubirie."

Mzee alikaa. Binti alikuja, wakayasoma pamoja kwa hiari yake. Waliondoka wanacheka.

Juu ya meza yake tumebandika ubeti huu. Hasemi kama unamkera au unamfurahisha, lakini hajaubandua:

*Hili faili ni langu, naliomba waziwazi,*
*Mna jasho na machungu, ya miaka na malezi,*
*Si la jirani mwenzangu, wala la wapelelezi,*
*Nifungulie ya kwangu, ya mwenzangu yafungie.*

CHANGAMOTO

Dawati limewekwa ukumbini, pembeni ya mashine ya fotokopi. Anayeeleza shida yake anaieleza na foleni nzima ya fotokopi. Tunahitaji chumba chenye mlango. Tumekipima chumba cha viti vibovu mwisho wa korido. Meza inaingia, na anayetaka kulia machozi naye anaenea.

Lakini kubwa ni hili. Barua ya Mwenzetu ilikuwa na kurasa nne. Umerudi mmoja. Tatu hazijulikani zilipo, na stoo ya mitihani ina maboksi kumi na sita ya karatasi za rafu ambayo hayajafunguliwa. Mitihani inaanza Jumatatu. Yaani Jumamosi tutamvisha joho na kumpigia vigelegele, na Jumatatu wadogo zetu wa mwaka wa kwanza watagawiwa mgongo wake wafanyie hesabu.

Tuliomba maboksi yazuiwe. Tumejibiwa mara mbili, kwa adabu, kwamba chuo hakina karatasi nyingine za rafu kwa muhula huu, na mtihani hauwezi kusimama kwa sababu ya barua ya mtu mmoja.

OMBI LETU

Mheshimiwa, kilio chetu ni kimoja. Toa agizo leo, hapa, kabla hujakata utepe: maboksi kumi na sita yakabidhiwe kwa Bwana Leo, apekue yeye peke yake aliyeapishwa kutunza siri, kila karatasi yenye mtu irudi kwa mwenyewe, na zilizobaki ziharibiwe. Ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa mkuu wa mitihani. Ameketi safu ya mbele, wa tatu kushoto kwako, na tunamheshimu sana.

Kuhusu upungufu wa karatasi, tafadhali tazama mlangoni. Zile ni karatasi elfu mbili na hamsini. Tangu jana asubuhi wanafunzi mia nne na kumi wamechana kila mmoja tano kutoka kwenye madaftari yao, wengine katikati ya madaftari ya somo gumu kuliko yote. Mtihani hautasimama. Zikiisha, tuna madaftari mengine.

Mruhusu yeyote azigeuze, Mheshimiwa. Ni tupu pande zote mbili.

Mungu akuzidishie afya, aibariki kazi ya mikono yako, na kalamu yako leo iwe nyepesi.

Ni sisi wako watiifu, na wenye haki zetu,
Umoja wa Wanafunzi wa Kujua na Kusitiriwa