Bwana Modest Mihambo na Turubai la Harusi ya Bukene

Tarehe 30 Juni 1956 Bwana Modest Mihambo anaiaga karakana yetu ya maturubai hapa Mtendeni, baada ya kuitumikia miaka ishirini na minane. Ukikutana mjini na mtu anayenukia asali bila kuila, ndiye.

Alianza kwa kukoroga nta ya nyuki kwenye sufuria, akapanda kuwa fundi wa kupaka, na tangu 1940 ni msimamizi wetu. Malori ya pamba kutoka Igunga, yanayopita njia ambamo zamani misafara ya wapagazi ililowa na mizigo yao, leo hufunikwa kwa kazi ya mikono yake. Ujanani aliwahi kuipaka nta kofia yake akawa anaitumia kunywea maji, na watu wakaja kutazama. Siku aliyomimina chai ya moto, nta iliyeyuka na chai ikaishia mapajani.

Wageni wetu huuliza nta inafanya nini. Tone la maji hupenda kushikamana lenyewe. Likikuta uzi mkavu wa pamba, huupenda uzi zaidi, likatandaa na kuzama. Likikuta nta, hujikunja kama shanga na kuteremka zake. Lakini kati ya uzi na uzi kuna vitundu vidogo. Mvua ikinyesha, maji hukaa juu ya vitundu hivyo bila kupita, mradi asitokee mtu wa kugusa kwa ndani. Kidole chenye unyevu huyapa maji pa kushika, nayo yakishaingia huvuta mengine.

Somo hilo nusura limpokonye Bwana Modest kazi, Januari 1931, alipomwoa Eustadia wa Bukene. Mama wa bibi harusi, Mama Bertila, hakuamini kwamba kupaka nta vitambaa ni kazi ya mume. Alitoa sharti: karamu ifanyike chini ya turubai la bwana harusi, na tone moja likimwangukia mtu, kijana aiache nta akaombe kazi ya reli.

Mvua ilikuja pamoja na wali. Turubai likastahimili. Mshenga, Bwana Anton, akatangaza kwamba ni marufuku kugusa juu. Kabla ya tangazo hilo hakuna aliyefikiria kugusa. Baada yake, wajomba waligusa, wanakwaya waligusa, na Mama Bertila, aliyetaka kukagua, akabonyeza kwa kidole chote. Tone likatua kwenye kilemba chake.

“Wifi,” alimwambia dada wa mumewe, “tumeletewa chujio.”

Bwana Modest aliijua dawa, ila mkwe hasemeshwi wala hatazamwi usoni. Akaigeukia nguzo ya turubai.

“Wewe nguzo,” alisema kwa adabu, “ungekuwa na kidole, ungekiweka pale panapovuja, ukakiburuta taratibu mpaka ukingoni bila kukiinua.”

“Wifi,” alisema Mama Bertila, “nguzo haina kidole. Mimi ninacho.”

Akaburuta. Maji yakaacha kudondoka, yakaufuata mstari wa kidole chake mpaka ukingoni, yakamwagika nje. Sababu ni kwamba maji huteleza kwa urahisi zaidi kwenye njia iliyokwisha kulowa kuliko kuruka hewani. Mama Bertila akaguna kwa furaha, akahamia tone la mjomba, kisha la wanakwaya. Matone yalipokwisha akabonyeza upya ili apate la kuburuta. Wageni wakapanga foleni, kila mtu na kijito chake, na wali ukapoa bila mtu kuuonea huruma.

Bwana Anton, aliyekuwa na jukumu la kuuliza, aliuliza kama sharti limevunjwa. Bwana harusi alikuwa bado ameitazama nguzo.

“Tone lilikuwa la kidole changu,” alisema Mama Bertila. “Kitambaa hakina kosa. Abaki na nta yake.”

Hukumu hiyo ndiyo iliyotupatia fundi, mwalimu na mcheshi wa miaka yote hii. Tunamshukuru kwa kila gunia lililofika kavu, na tunamshukuru Bibi Eustadia kwa kutuazima mumewe. Sasa wanahamia Bukene kufuga nyuki. Bwana Modest, upate afya njema, nyuki wapole, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu.