Kidole Kisipopita, Gari Halitoki

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Mei. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu Bwana Kidole aondoke kwao, na wa ishirini na tisa tangu avae ovaroli ya karakana hii. Saa kumi na moja jioni ataivua na kuitundika kwenye msumari wake, na kuanzia Jumatatu msumari huo utakuwa wazi. Mimi mtunza stoo nimeombwa kuandika haya kwa sababu tulifika mji huu kwa lori moja, na kwa sababu, kama alivyosema mwenye karakana, ni mimi peke yangu ninayeweza kumtania mzee huyu bila kurushiwa spana.

Jina lake halisi liko kwenye faili ofisini, na huko ndiko lilikobaki. Wateja wanamjua kwa kidole. Ni cha shahada, mkono wa kulia, kinene, chenye kovu kwenye fundo. Mtu akileta rimu za kununua na matairi mapana kuliko yale ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, Bwana Kidole huyafunga, hushusha jeki, kisha huchomeka kidole hicho kati ya tairi na ukingo wa madigadi na kukipitisha taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Kikipita, anaendelea na kazi. Kikikwama, anajifuta mkono kwa kitambaa na kutoa hukumu ambayo hata walinzi wa jirani wanaijua: kidole kisipopita, gari halitoki.

Hakuja hapa akiwa fundi wa magari. Kwao alikuwa seremala wa milango. Mwaka wa kwanza alifagia karakana, wa pili akaziba pancha, na wa tatu likaja gari ambalo mafundi wawili walikuwa wamelifunga na kulifungua mara nne bila kujua kwa nini linasugua kila likikata kona. Yeye, akiwa bado na kiraka mkononi, alichuchumaa nyuma ya gari, akafumba jicho moja, akasema kwamba upana wa tairi hauna kosa, kosa ni pale rimu inapokalia kitovu cha ekseli: imejengwa kwa gari jingine, kwa hiyo imelitoa gurudumu nje. Aliwaambia gurudumu ni mlango tu. Sogeza bawaba unene wa sarafu, mlango utagoma kwenye fremu hata uupake mafuta ya dunia nzima. Wakabadilisha rimu, gari likanyamaza. Tangu siku hiyo hakushika ufagio tena, na ukweli ni kwamba hata alipokuwa akiushika, pembe za karakana hazikuwahi kumwona.

Wasifu wa mtu mzima hauwezi kuruka makosa yake, na kosa kubwa la Bwana Kidole ni la mama mkwe. Dereva mmoja wa teksi alitaka matairi mapana ili gari lionekane limekaa chini vizuri. Kidole kilipita mbele na nyuma, tena kwa raha, na gari likatoka. Jumapili yake dereva akaenda kuwachukua mama mkwe na shangazi wawili wa mkewe, wote watu wa afya njema. Kwenye tuta la kwanza, nyuma kukalia kwaruu. Kwenye la pili, kwaruuu, na harufu ya mpira ikaingia ndani. Mama mkwe akauliza kama gari linamlalamikia yeye. Dereva, Mungu amsamehe, akanyamaza badala ya kukataa. Mama mkwe akaomba ashushwe, akajitanda vizuri, akamaliza safari kwa miguu.

Jumatatu saa mbili dereva alikuwa mlangoni kwetu. "Fundi, wewe umenifunga matairi au umenifungia ndoa?" Bwana Kidole hakujitetea. Alikuwa amepima gari likiwa tupu, na gari tupu halisemi kweli. Alienda mwenyewe kwa yule mama, akiwa na ovaroli, akamweleza kwamba mzigo haukuwa na kosa lolote, mwenye kosa alikuwa yeye fundi. Akarudi ameshiba, na mama mkwe akawa mteja wetu hadi alipoacha kuendesha.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu ya kupakiwa. Tangu mwaka ule hakuna gari lililowekewa matairi mapana ambalo hutoka bila watu. Bwana Kidole hupaka chaki nyeupe upande wa ndani wa ukingo wa madigadi, kisha anapiga kelele moja tu, "Abiria!", na kila mtu huacha alichoshika. Dada wa mapokezi hukaa nyuma kushoto. Fundi wa pili, mama mwenye mikono myepesi kuliko sisi sote, hukaa nyuma kulia. Mimi huwekwa katikati na betri mbovu mapajani kwa sababu, kwa maneno yake, nina mifupa mingi na uzito kidogo. Kisha gari linazungushwa uani, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kushoto halafu kulia, na kupandishwa tuta la getini mara tatu. Tairi likirudi na alama nyeupe, kazi inaanza upya: kuukunja ukingo kwa ndani kwa joto na rola, au kubadilisha rimu, au kumwambia mteja ukweli. Dada wa mapokezi amelalamika kwa miaka kumi na minne kwamba aliajiriwa kupokea simu, si kuwa gunia. Lakini siku alipokuwa likizo na gari likapakiwa bila yeye, alirudi akiwa amenuna wiki nzima.

Na wateja wake vijana! Wanakuja na picha kwenye simu, wanataka magurudumu yatokeze nje kama masikio. Huwauliza kwa upole kama wanatafuta gari au wanatafuta mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Wakitaja vile vipande vya chuma vya kulisukumia gurudumu nje, huwaambia ni ahadi ya mlevi: inashika mpaka asubuhi. Baadhi wameondoka kwa hasira. Wengi wamerudi na madigadi iliyopasuka, naye hajawahi kumwambia hata mmoja "nilikuambia". Huwaangalia tu, na hilo ni baya zaidi.

Kidole hakikuishia kazini. Kimepima nafasi kati ya kabati langu na ukuta, kati ya jeneza la jirani na mlango wa nyumba, kati ya kiti cha bibi harusi na meza siku binti yake alipoolewa. Binti alimwambia mbele ya wageni, "Baba, leo mimi si gari." Akakirudisha kidole mfukoni, lakini nilimwona baadaye, watu walipokuwa wakipiga picha, akikisogeza kiti kidogo.

Sasa tufike kwenye gari la bluu, maana tukiliacha mtasema tumemwogopa.

Gari la bluu lilisimama nyuma ya stoo yangu kwa miaka kumi na tisa. Alilinunua akisema kwamba ndilo litakalomrudisha kwao, yeye na mkewe na vitu vyao. Barabara za kule ni za mawe, nakumbuka vizuri, kwa hiyo akalitafutia matairi mapana na rimu alizoachiwa na mteja. Kila mwaka, siku ya mwisho kabla karakana haijafungwa kwa mapumziko ya Desemba, mkewe alikuja na masanduku mawili ya safari, yale yale tuliyokuja nayo kwenye lori, na cherehani yake ya mkono iliyofungwa kwa shuka. Vikapakiwa. Chaki ikapakwa. Mkewe akaketi mbele, mkoba mapajani, viatu vizuri miguuni. Gari likapanda tuta la getini.

Kwaruu.

Bwana Kidole alishuka, akatazama alama nyeupe kwenye tairi la nyuma, akasema, "Bado kidogo. Mwakani." Mkewe akashuka, masanduku yakarudi juu ya kabati nyumbani. Mara kumi na tisa? Hapana, kumi na nane. Nitaieleza ile moja.

Ndugu wasomaji, kila mtu katika karakana hii anajua dawa ya ugonjwa ule. Ni kazi ya asubuhi moja. Ameifanya kwa magari ya watu mpaka tumepoteza hesabu. Fundi wa pili aliwahi kujitolea amfanyie, akaambiwa gari la mtu halishikwi na mkono wa mwingine. Mwaka uliofuata tulichanga sote tukamnunulia rimu nne za kulienea sawasawa gari la bluu, tukazifunga utepe. Alishukuru hadi machozi yakamtoka. Wiki iliyofuata tukazikuta zimefungwa kwenye pikapu ya karakana.

Kaka yake mkubwa, ndiye aliyebaki kule akiitunza nyumba ya baba yao, alimwandikia kila mwaka akiuliza wanakuja lini. Naye alijibu kila mwaka kwamba gari linasugua. Barua moja ya kaka nilisomewa, tukacheka mpaka chai ikapoa. Ilikuwa na mstari mmoja: "Mdogo wangu, hata basi lina magurudumu."

Kaka alifariki mwaka jana, mwezi wa Machi. Nyumba ikakaliwa na watu ambao hawatujui, na wala hawana kosa. Desemba ilipofika, mkewe hakuitwa, masanduku hayakuja, na gari la bluu halikupandishwa tuta. Ndiyo ile moja niliyosema. Hakuna aliyemtania siku hiyo, hata mimi.

Mwezi uliopita, Jumapili moja, nilikuwa nyumbani kwake hapa mjini, ninakunywa chai. Alikuwa ameshapewa barua ya kustaafu. Mkewe, ambaye kwa miaka thelathini na moja sijamsikia akimpandishia mumewe sauti, aliweka birika mezani na kusema, "Mzee, mimi naomba jibu moja tu. Yale masanduku niyafungue, au niendelee kuyafuta vumbi?" Alitamani kujua kama apande mche wa limau uani, kwa sababu limau huchukua miaka na yeye hakutaka kumpandia mtu mwingine. Bwana Kidole aliangalia kikombe chake. Nikaaga.

Kesho yake nilipofungua stoo, gari la bluu lilikuwa juu ya jeki. Alikuwa amefika kabla ya mlinzi wa mchana. Aliutia joto ukingo wa madigadi, akaukunja kwa ndani kwa rola, kidogo kidogo, asiichubue rangi, akirudi na kidole kila mara. Aliikata plastiki ya ndani pale ilipozidi. Saa nne, chai ilipoletwa, alikuwa amemaliza. Akamtuma mtu kumchukua mkewe, akapaka chaki, akapiga kelele yake.

Tuliingia. Dada wa mapokezi kushoto, fundi wa pili kulia, mimi na betri yangu katikati, mkewe mbele. Nyuma masanduku hayakuwepo, kwa hiyo alipakia mifuko ya mchanga. Kushoto mpaka mwisho. Kulia mpaka mwisho. Tuta la getini mara tatu. Hatukusikia kitu ila mchanga ukihama. Alishuka, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Chaki ilikuwa nzima, kama alivyoipaka.

Sitaficha kwamba hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tukimwangalia mkewe, naye alikuwa akimwangalia yeye, kwa maana gari lilikuwa tayari kwa safari na kisingizio kilikuwa kimekwisha. Alijifuta mkono kwa kitambaa. Kisha akampa mkewe ufunguo, akamwambia ampelekee binti yao, ambaye ni muuguzi, maana watoto wake watatu na mikoba yao ya shule hawawezi kuendelea kubanana kwenye pikipiki. "Hawa ndio mzigo wake," alisema. Mkewe aliupokea, akauliza kama njiani wanaweza kupitia mahali panapouzwa miche.

Karakana inamkabidhi leo ile chaki yake ya mwisho, au kile kipande kilichobaki, ndani ya kisanduku alichokitengeneza fundi wa pili. Kifuniko chake kinasugua kidogo. Tumekiacha hivyo makusudi, apate kazi ya wiki ya kwanza. Tunamshukuru kwa magari yaliyofika na watu wote ndani, kwa wateja aliowakatalia, na kwa kutufundisha kwamba kitu hupimwa kikiwa na mzigo wake. Tunamwombea siku ndefu, macho mazuri, na malimau mengi. Tuta la getini tutalitunza, na nafasi ya dereva siku ya kupakiwa sasa ni ya fundi wa pili, ambaye kidole chake ni chembamba, kwa hiyo tumeamua atatumia viwili.

Nilipopita nyumbani kwake juzi, masanduku yote mawili yalikuwa uani, wazi, yakianikwa. Cherehani imewekwa mezani karibu na dirisha. Mche umepandwa hatua nne kutoka ukutani, amepima.

Hatarudi kwao. Anakaa hapa.