Chumba cha Baba Ndani ya Kioo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji. Bibi Mkutubi Mkuu, mwenyeji wetu. Walimu wa sanaa. Mafundi wenzangu wa sindano na uzi. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mdogo wangu, uliyejificha nyuma ya nguzo kana kwamba maonyesho haya ni ya mtu mwingine: hamjambo?

Nimepewa dakika kumi. Anayeshika saa ni binamu yangu, naye ananiogopa, kwa hiyo kaeni mtulie.

Nianze kwa kumshukuru Mheshimiwa. Si kila kiongozi angekubali kuja kufungua maonyesho ambayo nusu yake ni majengo yaliyofungwa na ofisi yake mwenyewe. Huo ni moyo mkubwa, na nasema hivyo bila utani. Haya, utani kidogo.

Mmepita mezani, mmeviona vyumba vyake vidogo. Sinema yenye viti vilivyochanika. Wodi ya zamani, vitanda vimeota kutu. Darasa ambalo hesabu ubaoni haikumaliziwa. Vyote vya kubeba kwapani. Bila shaka mmejiuliza, hivi mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anawezaje kukaa siku nne akitengeneza kiti cha ukubwa wa punje ya hindi, halafu akishakimaliza anakivunja mguu kwa makusudi? Sisi nyumbani tulijiuliza miaka mingi kabla yenu. Ndiyo maana huyu mdogo wangu tulimwita Sentimita, maana tangu utotoni hakuingia chumba chochote asikipime. Hata alipokwenda kujitambulisha ukweni, alipima sebule ya wakwe. Mkewe yule pale, mwulizeni.

Sentimita ana sharti moja kazini: chumba hujengwa kama kilivyoachwa. Hapangi, hafuti, harekebishi. Mwenye sinema alimsihi azibe lile tundu la dari, walau kwenye sanamu ndogo lisionekane. Akakataa katakata, wakanuniana mwezi mzima. Tundu mmeliona. Lipo.

Sasa nawaomba mtazame kisanduku hiki cha kioo kilicho mbele yangu. Hiki ni chumba cha baba yetu, fundi cherehani, kama kilivyokuwa siku mbili baada ya kumzika, miaka kumi na moja iliyopita. Mkasi wake ule. Futi kamba imening'inia msumarini. Zile ni kaptura za shule ambazo wenyewe hawakuzifuata. Na cherehani, kama mnavyoona, imekaa dirishani, kiti kimeupa mlango mgongo.

Baba alitaka Sentimita arithi kazi. Siku moja huyu bwana mdogo akachukua kitambaa cha suti ya bwana harusi, akakikata mapazia ya nyumba ya boksi. Suti ya bwana harusi, jamani! Baba akamwambia, "Chukua maboksi yako, uniondokee." Naye akaondoka kweli. Miaka sita hakukanyaga nyumbani. Baba akaugua, akafariki, tukazika, na Sentimita akafika siku ya pili baada ya mazishi.

Alisimama pale chumbani, akatoa rula. Watu wanalia, yeye anapima! Nilikuwa na hasira naye. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, baba alikuwa akikaa hivi? Ameupa mlango mgongo?"

Nikamjibu, "Ndivyo hivyo. Ulitegemea nini?"

Akainamisha kichwa, akaendelea kupima. Wiki iliyopita mkewe aliniambia kwamba hiki ndicho kisanduku ambacho mumewe hawezi kukitazama. Hata leo alitaka kukiacha nyumbani. Husema, "Mzee alinipa kisogo mpaka anakufa, na nilistahili."

Mheshimiwa, ndugu wageni, mimi nilisema uongo.

Inameni kidogo, tafadhali, mtazame sakafu karibu na mlango. Mnaviona vishimo vinne, kama vimetobolewa kwa sindano? Sentimita aliviweka kwa sababu aliviona, wala hakuuliza ni vya nini. Ni vya miguu ya cherehani. Ilikaa pale miaka sita, chuma kikaila saruji. Wiki ile ile alipoondoka, baba aliniita tuisogeze. Nikamwambia, "Baba, utashonaje bila mwanga wa dirisha?" Akasema, "Macho ni yangu, cherehani ni yangu. Wewe shika upande ule."

Basi akawa anashona ameelekea mlango. Mishono ikaanza kwenda upande, wateja wakanung'unika, hakusikia la mtu. Mlango ukilia tu, anainua uso. Mara zote alikuwa mteja. Anasema "Karibu," halafu anarudi kwenye pindo lake. Mimi nilikuwa nakaa naye humo ndani, nikaliona hilo kila siku kwa miaka sita.

Aliyeirudisha cherehani dirishani ni mimi, siku ya mazishi, ili watu wapate pa kupita. Kwa hiyo, mdogo wangu, pamoja na ufundi wako wote, chumba ulichojenga si kama alivyokiacha baba. Ni kama nilivyokiacha mimi. Aliyekupa kisogo ni mimi, na naona aibu. Nimekuambia mbele za watu kwa sababu tungekuwa wawili tu ningetafuta njia ya kukwepa. Unanijua.

Msipige makofi, tafadhali. Hili si la kupigiwa makofi.

Bibi Mkutubi, nakushukuru kwa kuniazima ufunguo wa kioo hiki bila kuniuliza maswali. Mheshimiwa, utanisamehe, utepe usubiri kidogo. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka hapa.

Sentimita, kioo nimekwisha kukifungua. Baba alikuwa akikungoja wewe. Njoo uigeuze cherehani.