Papa Hilaire na Kompyuta Iliyokula Unga

Tarehe 2 Julai 1998, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Papa Hilaire Kabamba anastaafu. Aliingia Shule ya Ufundi Umoja, hapa mtaani Panda, Septemba 1966, wakati wazee wengi wa mji walikuwa bado hawajazoea kuuita kwa jina lake jipya, Likasi. Tangu hapo nchi imebadili jina mara mbili, na shule hii imebadili maprefe, yaani wakuu wake, mara nyingi zaidi. Yeye alibaki palepale, katika chumba cha mashini za kupigia chapa.

Waliosoma kwake wanajua kwamba alifundisha akiwa ameligeuzia darasa mgongo. Alitazama nje dirishani na kusikiliza. Msichana aliyechungulia vidole vyake alitajwa kwa jina bila mwalimu kugeuka, kwa maana mashini yake ilikuwa na mlio wa mtu mwenye mashaka. Na kila Jumamosi alikuwa na salongo yake, usafi wa pamoja: kila mwanafunzi aliipindua mashini yake juu ya gazeti, akaipiga brashi hadi vumbi la Panda lote likatoka. Mimi karani wa shule nilikuwa wa kwanza kumcheka.

Miaka migumu haikumwonea haya. Waporaji wa mwaka 1991 walibeba nusu ya mashini, naye akafundisha wanafunzi wawili wawili kwa zilizobaki. Wenzetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu na kulala stesheni wakingoja treni, alikwenda huko siku baada ya siku, akiwapelekea wanafunzi wake vyeti vya kupiga chapa ili wasianze upya huko waendako. Hakulizungumza jambo hilo, na leo ataninunia kwa kuliandika.

Mwaka 1996 mwanafunzi wake wa zamani anayeishi Ubelgiji alituletea kompyuta ndogo ya kukunja, pamoja na kibodi ya nje, kipanya na disketi zake. Tuliiogopa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupewa hata brashi. Papa Hilaire mwenyewe aliisamehe salongo, na hilo ndilo kosa lake la kwanza.

La pili lilikuja Machi 1997, askari walipokuwa wakirudi nyuma kutoka vitani na kila nyumba ikificha ilicho nacho. Aliipeleka kompyuta nyumbani, akaifunga katika kitenge, akaizika ndani ya gunia la unga. Akili nzuri, ila kitenge hicho kilikuwa sare ya akina mama wa parokia. Kukatokea kilio, msiba, mtaani, na mama wa parokia haendi kilioni na kitenge kingine. Mkewe, Maman Simone, alichukua sare yake na kuirudisha kompyuta guniani ikiwa uchi.

Hali ilipotulia tukapata habari nyingine: mkaguzi anakuja kutoka Lubumbashi, na shule isiyo na kompyuta inayofanya kazi itafutiwa idara ya ukarani. Wasichana wa mwaka wa sita wangekosa mtihani wa taifa, na Papa Hilaire angestaafu akiwa hana chumba cha kumwachia mtu. Tukaiwasha kompyuta haraka. Umeme ukakatika katikati ya kazi, na uliporudi, mfumo mzima ulikuwa umeharibika.

Ikabidi kuuweka upya kwa zile disketi. Tukaingiza ya kwanza. Kioo kikatuambia tubonyeze kitufe cha Entrée ili kuendelea. Tulibonyeza kwa adabu, kisha kwa hasira. Haikuendelea. Kipanya nacho hakikusogea. Tukazima, tukachomeka kibodi ya nje, tukawasha tena: mambo ni yaleyale. Prefe Fidèle alilaumu disketi, mimi nililaumu virusi, na mwalimu wa dini, Ndugu Éphraïm, akaiwekea kompyuta mikono na kuomba kwa sauti. Hatukumzuia, maana hatukuwa na shauri lililo bora.

Papa Hilaire alikuwa ametupa mgongo, anatazama dirishani. Ghafla akasema: “Munyamaze kwanza! Hamusikie vile inalia? Kuko touche moja inafinywa, haiachiliwe.” Kweli, chini ya maombi ya Ndugu Éphraïm kompyuta ilikuwa ikilia tii, tii, tii, nasi tulidhani ndiyo desturi yake, si kitufe kilichobanwa. Akaizima, akatandika gazeti, akaipindua kama tulivyomwona akifanya kila Jumamosi.

Ukamwagika unga.

Maman Simone, aliyekuwa amemletea chakula, aliutazama na kusema: “Kumbe mashini yenu ilikuwa na njala! Ndiyo yenye kunikulia bunga.” Papa Hilaire alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatueleza habari ya gunia. Unga ulikuwa umeshika unyevu na kukibana kitufe kimoja. Kitufe hicho kilisimama kama mtu mwenye mzigo mlangoni: kibodi ya nje na kipanya vinapita mlango uleule, basi vyote vikabaki nje. Alifungua skrubu, akachomoa waya wa kibodi ya ndani, akachomeka ile ya nje, akawasha. Kisha akasogea pembeni ili mmoja wa wasichana wa mwaka wa sita, Joëlle Mwepu, abonyeze Entrée.

Kioo kikaendelea. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Mkaguzi alipokuja, Joëlle alimpigia chapa ukurasa mzima bila kuchungulia vidole. Idara ikabaki, wasichana wakafanya mtihani wao, na tangu mwaka jana Joëlle amekuwa msaidizi wa Papa Hilaire. Leo anapokea funguo za chumba.

Papa Hilaire, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa safari zako za stesheni, na hata kwa gunia lile. Walimu wote tumechanga tukupatie gunia jingine la unga. Na Maman Simone tunampa vitenge viwili vya sare, ili ikitokea tena haja ya kuficha kitu, kilio kisituharibie kazi.

Jumamosi iliyopita Joëlle aliongoza salongo peke yake kwa mara ya kwanza. Alianza na kompyuta: akaizima, akaipindua juu ya gazeti, akaipiga brashi. Unga kidogo ukadondoka, hata baada ya mwaka mzima. Darasa lilicheka, naye akaligeuzia mgongo na kutazama dirishani.

Staafu kwa moyo mtulivu, Papa. Chumba chako kina mtu.

Philomène Ngoie, karani wa shule