Sanduku Lililokutwa Katika Kaburi la Eustadia Ainembabazi

Mchungaji wetu, viongozi wa kitongoji, wazee, akina mama mliokaa chini kwenye majani, na ninyi mliosimama kule barabarani kwa sababu hamtaki kuingia uani, familia ya hayati Novatus Mwebesa wa Kibingo imemtuma Rwegoshora, mdogo wake Mwebesa, huyu anayesimama mbele yenu, asome historia ya shemeji yake, naye amekubali kwa shida, maana kilichotokea hapa jana kila mtu amekisikia, na familia haitaki kujifanya haikukiona. Mnaombwa jambo moja tu, msikilize mpaka mwisho, ndipo muamue kama mtambeba au mtamwacha.

Marehemu Eustadia Ainembabazi alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 Nyabiyonza, wilayani Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa na ndizi, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1965 hadi 1971, na waliosoma naye wanasema alikuwa mtoto mwoga kupita kiasi, aliogopa radi, aliogopa giza, aliogopa hata ng'ombe wa watu wakipita njiani, na kitu pekee ambacho hakukiogopa kilikuwa damu. Kwa hiyo mwaka 1973 alikwenda kusomea uuguzi na ukunga, akahitimu 1975, akafanya kazi katika hospitali ya misheni hadi 1988, kisha akahamia zahanati moja upande wa Nkwenda, alikofanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa takatifu na Novatus Mwebesa, wakaishi hapahapa Kibingo, Mungu akawajalia watoto watatu, wawili wakafariki wakiwa wachanga, akabaki Ainomugisha, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1982, ambaye ndiye huyo aliyekaa pembeni ya jeneza na wanawe wawili, na ambaye tangu jana jioni hajalala ndani ya nyumba ya mama yake.

Sasa tunafika kwenye vitu. Mwaka 1983 muuguzi mmoja wa Kidenishi aliyekuwa anarudi kwao alimwachia marehemu sahani ya kauri yenye maua ya buluu, iliyokuwa ya bibi yake, na marehemu hakuilia chakula, aliitundika ukutani, jambo lililomchekesha sana mumewe, lakini tangu siku ile alishikwa na hamu ambayo haikumwacha. Kila mgeni aliyeondoka hospitalini, marehemu alimwomba kitu cha zamani cha kwao, na alipohamia Nkwenda alizoeana na mfanyabiashara Nsanzimana, ambaye pamoja na kununua maharage na kahawa alikuwa akimletea vya kale kutoka ng'ambo ya mpaka, hivyo kidogo kidogo sebule ile ikajaa, birika la shaba kutoka Uturuki, msalaba wa Wahabeshi, kasha jeusi la Kijapani linalong'aa, taa ya Kihindi, kinyago cha Kongo chenye mdomo wazi, na mwaka 1998, kutoka nyumba ya zamani ya wamisionari, mwanasesere wa Kijerumani mwenye kichwa cha kauri na nywele ambazo, ndugu zangu, tusidanganyane, ni nywele za mtu.

Vitu hivyo havikuwa siri. Wengi wenu mmekunywa chai mkiviangalia, na akina mama mliojifungulia mikononi mwake mnakumbuka kwamba msichana wa mimba ya kwanza alipomjia analia kwa woga, marehemu alimkalisha sebuleni, akamshikisha ile sahani, akamwambia, "Hii ni nyembamba kuliko wewe, mwanangu, imevuka bahari na haijavunjika, na wewe utavuka." Mwoga yule ndivyo alivyowatoa wenzake woga, na familia haijui alijifunzia wapi.

Novatus Mwebesa alifariki tarehe 5 Mei 2017, akazikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, na hapo marehemu akawa mjane mwenye nywele nyeupe anayeishi peke yake na vitu vyenye macho, nanyi mnajua wajane wa namna hiyo husemwaje. Mwaka uliofuata mtoto wa jirani aliingia sebuleni, akamwona yule mwanasesere, akalia, na wiki hiyohiyo akashikwa na malaria na kufa. Marehemu alikuwa wa kwanza kufika msibani, akapika, akaosha vyombo, na wakati anaosha vyombo alisikia nyuma yake mtu akiuliza, "Huyu naye amekuja kuhesabu waliobaki?" Hakugeuka, ila alimweleza Ainomugisha kwamba mikono yake ilikufa ganzi ndani ya maji.

Tangu hapo marehemu aliishi kwa hofu, na tunalisema hili wazi kwa sababu tuliliona. Tarehe 3 Machi 2019 jiwe lilirushwa juu ya bati lake, asubuhi akakuta mlangoni fungu la majani limefungwa kwa kamba nyeusi, na Jumapili iliyofuata aliwatangazia watu nje ya kanisa kwamba vitu vyote ameviuza kwa Nsanzimana, navyo vimeshapelekwa mbali. Watu wakashukuru, wakaanza tena kumsalimia, na familia nayo ikashukuru, maana hata sisi, tukisema kweli, tulikuwa tukipita sebuleni pale haraka haraka.

Hakuviuza. Nsanzimana yuko hapa, na jana, huku jasho linamtoka kwa kuogopa naye asije akatajwa, alisema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba hajanunua kitu kwa marehemu hata siku moja. Marehemu aliviweka ndani ya sanduku la bati, akavifunga kwa majani makavu ya migomba kama tunavyofunga vitu visivunjike, akavifukia, na alitafuta mahali ambapo hakuna mkono wa mtu utakaogusa, kwa sababu kibanja kila siku kinachimbwa, leo unapanda, kesho unang'oa, lakini hakuna mtu anayepiga jembe karibu na kaburi. Alivifukia ubavuni kwa mumewe. Palikuwa mahali salama kuliko pote Kibingo, isipokuwa kwa siku moja tu, siku ya kumzika yeye mwenyewe, na kama siku hiyo aliisahau, au aliifikiria na akataka iwe hivyo, hatujui.

Kuugua kwake kulianza Septemba 2024, daktari akasema ni shinikizo la damu, akaandikiwa dawa na kutakiwa kurudi hospitalini kila mwezi, akarudi mara mbili, mara ya tatu akakataa. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba iliyo karibu na makaburi, agizo la kitongoji lilikuwa kung'oa mashina yote yenye ugonjwa, na vikundi vya kung'oa vilikuwa vinapita nyumba kwa nyumba, naye akachukua kigoda, akakaa kando ya kaburi la mumewe tangu asubuhi hadi jioni, jua na mvua. Ainomugisha alimsihi, "Mama, twende hospitali, gari limekuja," naye akajibu, "Nikiondoka watachimba." Sisi tulidhani anamlilia mumewe. Tulimhurumia, tukamletea mwavuli.

Tarehe 8 Februari 2025 alianguka pale pale penye kigoda, upande wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito, akakimbizwa hospitalini, na Jumanne tarehe 11 Februari, saa kumi na moja alfajiri, akaaga dunia akiwa na miaka sitini na minane.

Jana Alhamisi vijana walianza kuchimba kaburi, udongo ukawa laini, wakafurahi, hakuna aliyejiuliza kwa nini ni laini, mpaka jembe lilipogonga bati. Mmoja wao, Tuyizere, ndiye aliyefungua sanduku na kufungua majani, akamkuta yule mwanasesere amelala, macho yamefumba, akamwinua, na alipomsimamisha macho yakafunguka. Tuyizere, ambaye hajawahi kukimbia kitu, alisema kwa sauti ndogo, "Ananiangalia," akamwachia, na wote wakakimbia wakiacha majembe shimoni. Ilipofika jioni turubai lilikuwa tupu, ndizi zilikuwa zinaungua jikoni hakuna wa kuepua, na vijana kule kwenye njia panda walisikika wakisema nyumba ichomwe, na binti yake asiachwe kwa sababu ndiye aliyeachiwa uchawi.

Ndugu zangu, Rwegoshora amemaliza kuchimba kaburi hili leo asubuhi, yeye na Mchungaji, na alichimba akiomba Mungu kwa sauti kama mtoto, asije mtu akadhani hakuogopa. Sanduku tumelitoa. Vitu vyote viko kwenye meza ile mbele yenu, havikufunikwa, na Mchungaji amemlaza na kumwinua mwanasesere yule mbele ya mwenyekiti, wakaona kwamba ndani ya kichwa kuna kipande cha chuma kinachoning'inia, akilazwa kinavuta macho yafumbe, akisimamishwa kinayafungua, basi, ndicho kitu kilichowatoa wanaume mbio. Atakayetaka aje aguse. Asiyetaka asiguse, lakini asiende njia panda.

Kwa maana kitu kilichomuua Eustadia tunakijua. Dawa zilikuwepo, gari lilikuwepo, na kilichomzuia kupanda gari si kinyago wala mwanasesere. Vitu vile alilala navyo chumba cha pili miaka na miaka akanenepa. Aliyemfanya akae kwenye kigoda mvuani ni sisi, na binti yake leo anatetemeka kwa sababu yetu, si kwa sababu ya meza ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea siku tatu za mwisho na kupigana mpaka alfajiri, inawashukuru wauguzi na wakunga wenzake waliotoka Nkwenda na Karagwe mjini, walioosha mwili wake jana wakati hakukuwa na mwingine wa kuuosha, inamshukuru Mchungaji kwa jembe alilolishika, inamshukuru mwenyekiti aliyesimama usiku kucha mlangoni alikojihifadhi Ainomugisha, na inawashukuru majirani waliorudi asubuhi kuchukua sufuria zao, wakaona aibu, wakabaki. Jeneza linahitaji watu sita. Wako watatu.

Shemeji, Eustadia, mama wa Ainomugisha, pumzika kwa amani, ile ambayo sisi hatukukupa.