Gundi Ilikuwa Mpya

Baada ya miaka thelathini na mmoja, fundi wetu wa modeli anaiaga ofisi hii ya wasanifu majengo tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kuwakatia wakubwa kadibodi, akaishia kuwafundisha wakubwa hao kushika wembe bila kujikata.

Ila sifa yake kubwa iko kwa watoto. Ndiye aliyeanzisha shindano letu la shule za msingi. Kila kundi hupewa kadibodi, vijiti na gundi, likajenga nyumba, kisha matofali yakapangwa juu ya paa moja moja hadi nyumba isalimu amri. Kabla hawajachora chochote, huwakunjisha karatasi na kuisimamisha, waone wenyewe jinsi mkunjo mmoja unavyoipa nguvu. Nyumba isiyo na choo huirudisha, hata iwe imara namna gani. Watoto humwita Babu Kadibodi.

Hapa ofisini tunamwita Gundi. Miaka tisa iliyopita, nyumba ya wasichana wa darasa la sita ilianguka kabla ya tofali la kwanza. Fundi akawaambia kosa ni lake, amewapa gundi iliyoharibika. Uongozi ukamnyang'anya kazi ya kuandaa vifaa kwa misimu miwili, nasi tukapata utani. Mpini wa kikombe ukichomoka, gundi ya Fundi. Bawaba ikilegea, gundi ya Fundi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Gundi ile ilikuwa mpya. Mimi ndiye niliyekuwa jaji siku hiyo. Nikainama ili nitoshe kwenye picha na wageni, nikaegemeza kiwiko juu ya paa la watoto. Fundi aliniona. Alinitazama, akasubiri niseme. Nikageukia karatasi yangu ya alama. Msichana mmoja alipoanza kulia akidhani amejenga vibaya, Fundi akaubeba mzigo wangu. Jumamosi iliyofuata alikwenda shuleni kwao wakaijenga upya, ikabeba matofali kumi na moja. Mimi sikwenda.

Picha hiyo bado imetundikwa ukumbini, na kiwiko changu kinaonekana vizuri. Nimekuwa nikiipita huku nikijifanya natazama saa. Nilipoombwa kuandika wasifu huu niliandika rasimu tatu tamu zisizotaja jambo hili, na zote nilizionea haya. Halafu kamati ikaniletea kibao cha zawadi nikikague. Kimeandikwa "Kwa Mzee Gundi".

Mzee wangu, kibao hicho hukipati. Nimeagiza kingine, chenye jina walilokupa watoto. Asante kwa kazi yako, na unisamehe kwamba nimesubiri hadi unaondoka. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya, wewe na shemeji yetu na wajukuu. Kibao cha kwanza kitakaa juu ya meza yangu, na kuanzia Jumatatu, atakayemtafuta Gundi aje kwangu.