Sinia la Nyama Mbichi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, muuguzi mwenye sare alikuwa akimwuliza mzee asiyemjua ampeleke wapi baba yake, anayetimiza miaka sabini, wakale vizuri. "Ile hoteli ya steki ya zamani," mzee akajibu papo hapo. "Nimechoma nyama pale miaka thelathini." Mimi sikuulizwa, ila nilishaanza kumeza mate.

"Ndiyo ninayoikwepa, mzee wangu. Pale wanaleta sinia la nyama mbichi, mchague wenyewe. Mama ndiye aliyekuwa akichagua, anabonyeza kila kipande kama anapima mgonjwa. Sasa hayupo. Baba atalia mbele za watu."

"Kwani machozi yanavunja sahani, binti yangu?"

"Kuna hoteli mpya, ina bustani."

"Bustani hailiwi. Na huyo mama yako wa kubonyeza nyama namkumbuka, jikoni tulimwita Daktari! Akikataa kipande, hatukubisha."

Muuguzi akacheka, kisha akatazama kidole chake. Basi likasimama. Alipokwisha kushuka akageuka: "Alikuwa akibonyeza wapi, katikati au pembeni?"

Mlango ukafungwa. Mzee akaweka kidole katikati ya kioo cha dirisha, akabonyeza taratibu.